Nani Alimwagilia Bustani ya Karema?

Sina ugomvi na miembe. Naanza na hilo kwa sababu nikishasema ninayotaka kusema, atatokea mtu wa kudai kwamba nachukia miti, au kanisa, au utalii, au vyote vitatu kwa pamoja. Miembe ya Karema nimekula matunda yake tangu nilipokuwa na pengo la meno ya utoto. Ugomvi wangu ni na sentensi moja tu. Niliisikia Agosti iliyopita nikiwa kwenye kivuli cha mmoja wa miembe hiyo, na tangu siku ile nabishana nayo kichwani.

Sentensi yenyewe ni hii: "Bustani hii waliipanda mapadri."

Aliyeitamka ni kijana wa rika langu, mpole na mcheshi, aliyejitolea kututembeza. Tulikuwa watu saba tuliotoka Mpanda alfajiri kwa Noah ya kukodi, zaidi ya kilomita 100 za kwenda kuliona Ziwa Tanganyika, tukiwa na sambusa, maji ya chupa na simu zilizojaa chaji. Mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi Karema, na kwa miaka miwili nilikuwa sijakanyaga kwake. Nilimpitia nyumbani, nikamwamkia, akajifunga khanga ya pili akaja nasi mpaka misheni.

Kiangazi cha Katavi si cha kutania. Kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Oktoba mvua inakuwa habari ya kusimuliwa. Vumbi linakaa kwenye kope, na kule kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi viboko wanarundikana kwenye matope ya Mto Katuma mpaka wanapandana migongo. Ukitoka kwenye ukavu huo, ukapita kwenye ukuta wa zamani uliobaki nusu, ukaingia mahali penye miembe minene iliyotoa maua, malimao, michikichi na matuta ya mchicha yaliyolowa, mwili unashukuru kabla akili haijauliza chochote. Wenzangu walitoa simu. Mmoja alisema hapa pangefaa picha za harusi. Mwingine akasema hapana, hapa pangefaa hoteli. Ndipo kijana wetu akatamka sentensi yake. Shangazi, aliyekuwa amekaa juu ya mzizi akijipepea kwa ncha ya khanga, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa:

"Na maji walichota wao?"

Kijana alicheka. Wote tulicheka. Shangazi hakucheka.

Nimesomea kilimo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa hiyo nililichukua swali la shangazi kama swali la mtihani. Chukua tuta moja la mboga, upana mita 1, urefu mita 10. Katika joto la kiangazi cha ukanda ule, tuta hilo linataka takriban lita 50 za maji kwa siku ili mboga isinyauke. Kiangazi kina siku 150 hivi. Hizo ni lita 7,500 kwa tuta moja, na kama una matuta kumi tu, ni lita 75,000. Mtoto wa miaka minane hawezi kubeba lita 20 kichwani siku nzima. Mpe mtungi wa lita 10. Basi ni safari 7,500 kwa kiangazi kimoja, za kwenda na mtungi mtupu na kurudi na mtungi uliojaa.

Hesabu hii ni yangu, haikutoka kwenye daftari la mtu. Lakini mimea haibadiliki tabia kwa sababu ya karne. Bustani ya kijani mwezi Agosti, katika nchi isiyo na mvua mwezi Agosti, ni ushahidi kwamba kuna mtu alibeba maji. Ukiniambia nani aliyeleta mbegu, umeniambia kazi ya siku moja. Nataka kujua nani alifanya kazi ya siku zile nyingine zote.

Kwanza tujue ukuta wenyewe umetoka wapi.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda kule Brussels Chama cha Kimataifa cha Afrika, kwa maneno matamu ya sayansi na kupiga vita biashara ya watumwa. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier akaanzisha kituo cha chama hicho Karema, kikajengwa ngome. Mwaka huohuo chama kilileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam, wakatembezwa kuelekea ziwani ili ionekane kama tembo wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema. Kiongozi wa msafara huo, Frederick Carter, aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi pwani, hapahapa kwetu Mpimbwe, katika vita vya Mirambo. Historia hii ya tembo watu wa Karema huisimulia kwa furaha, na mimi pia naipenda. Ila angalia jambo moja: tembo wale wana majina yao kwenye vitabu. Yule aliyefika aliitwa Pulmalla.

Mwaka 1885, baada ya Leopold kupata Kongo yake katika mkutano wa Berlin, ngome ya Karema haikuwa na faida tena kwake. Ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Charles Lavigerie. Nao wakaingia ndani ya kuta wakiwa na sababu ya kuzihitaji. Njia ya Ujiji ilikuwa inapitisha misafara ya watumwa na pembe za ndovu, na vita vilikuwa vya kweli. Sitamdharau mtu aliyejenga ukuta mwaka 1885. Ningekuwa mimi, ningeujenga mrefu zaidi.

Ila ndani ya kuta hizo hawakuishi mapadri peke yao. Sehemu kubwa ya watu wa misheni za mwanzo za ziwa hili walikuwa watoto. Walinunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara, kwa nguo na bidhaa nyingine, na fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya waliochangia kukomboa roho. Kiswahili cha kanisa kiliwapa jina zuri: waliokombolewa. Walifundishwa sala, walifundishwa kusoma, walishika jembe. Walipokua, wavulana wale waliozeshwa wasichana wale, wakapewa mahali pa kujenga kuzunguka misheni. Hebu fikiri harusi hizo zilivyokuwa. Hakuna mjomba wa kudai mahari. Hakuna shangazi wa kumfunda bibi harusi. Hakuna hata mtu mmoja ukumbini aliyemjua mama yake.

Bibi yake shangazi yangu alikuwa mmoja wa wasichana hao.

Najua hilo kwa sababu shangazi aliniambia jioni ile, baada ya wenzangu kwenda kuogelea. Mpaka siku hiyo, mimi mwenye shahada, nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba upande wa baba tukiulizwa kabila, kila mtu anajibu lake. Baba husema Wafipa. Baba mdogo husema Wabende. Shangazi husema, "Sisi ni watu wa Karema," kisha anabadilisha mazungumzo. Sensa za nchi hii hazijauliza kabila tangu mwaka 1967, na ni jambo jema. Lakini wakwe huuliza.

Shangazi alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na bibi yake alifariki yeye akiwa bado hajaanza shule. Anakumbuka mambo mawili tu. La kwanza, utosi wa bibi ulikuwa na upara wa mviringo, mahali ambapo mtungi ulikaa. La pili, kila jioni kabla ya chakula bibi aliwahesabu wajukuu. Hakuwaita kwa majina. Aliwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, na hesabu isipotimia hakuna aliyekula mpaka aliyekosekana apatikane.

Jina lake la ubatizo shangazi alinitajia. Jina alilopewa na mama yake, shangazi halijui, baba yake shangazi hakulijua, na huenda bibi mwenyewe alikuwa amelisahau. Hajulikani alitoka ng'ambo ya ziwa, au Unyamwezi, au wapi.

Sasa rudi kwenye ile sentensi. "Bustani hii waliipanda mapadri." Unaona kwa nini inanikaba?

Kuna watu wa aina mbili nitakaowaudhi hapa, na wote ni marafiki zangu.

Wa kwanza ni wale wa simulizi la huruma. Kwao, watoto wale waliokolewa, basi, mshukuru Mungu, habari imeisha. Nawajibu hivi: ni kweli waliokolewa. Bibi yetu asingenunuliwa na mapadri, angenunuliwa na mwingine, na pengine mimi nisingekuwepo kuandika haya. Lakini kuokolewa ni tukio la siku moja. Baada ya siku hiyo kuna miaka mingi ya kuishi, na katika miaka hiyo mtu anafanya kazi, na kazi yake inabaki. Ukisema "aliokolewa" ukanyamaza, umemfanya awe kitu kilichotendewa tu. Umemwondolea sifa ya bustani aliyoimwagilia kwa utosi wake.

Wa pili ni wale wa simulizi la hasira. Mmoja wao tulikuwa naye kwenye Noah. Alivaa fulana yenye picha ya Patrice Lumumba, na alipoona ukuta alisema kwa sauti, "Hivi ni vya kubomoa." Hasira hiyo naielewa, tena ina mizizi palepale Karema. Kamanda wa mwisho wa Wabelgiji, Émile Storms, mwaka 1884 aliwatuma watu wake ng'ambo ya ziwa kumshambulia Lusinga, mtawala wa Watabwa. Lusinga aliuawa, na fuvu lake Storms akaenda nalo Ubelgiji. Lakini mwambie rafiki yangu abomoe ukuta, halafu umuulize ni nani aliyebaki amejulikana zaidi baada ya kubomoa. Hatakujibu. Katika simulizi la hasira wahusika ni walewale wazungu, ila safari hii ni wabaya. Mtoto wa mtungi bado hana mstari hata mmoja wa kusema.

Simulizi zote mbili zinatazama mlangoni, kwa yule mwenye ufunguo. Hakuna linalotazama njia ya kwenda majini.

Na njia hiyo, wenzangu, haikuwa ya kudumu. Hapa ndipo elimu ya ziwa inaposaidia. Miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilijaa kupita kiasi. Mwaka 1878 hivi maji yalipasua kizuizi cha Mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaanza kutoka. Katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10. Ngome iliyojengwa Karema mwaka 1879 karibu na maji ikajikuta inaachwa nchi kavu, na ufuko ukizidi kwenda mbali. Miaka hiyohiyo ndiyo miaka ya watoto waliokombolewa. Kama maji ya bustani yalitoka ziwani, basi kila kiangazi njia ilirefuka kuliko kiangazi kilichopita. Kama yalitoka mtoni au kisimani, mto na kisima navyo vina kiangazi chao. Hakuna namna ya kuipiga hesabu hii ikawa nyepesi.

Si Karema peke yake penye ugonjwa huu wa kuwasahau wachota maji. Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulipelekwa ziara ya mafunzo Unguja, tukafika Maruhubi, kaskazini kidogo ya mji. Sultani Barghash alitembelea Uingereza mwaka 1875. Inasimuliwa kwamba kule aliziona kuta ndefu zinazozunguka majumba ya shamba ya mabwana, akazipenda. Aliporudi alijenga kasri lake la Maruhubi, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1880, akazungushia ukuta, ndani ikapandwa miembe. Kasri liliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo, mabirika ya kuogea na miembe. Tuliambiwa habari za Sultani, za masuria wake na idadi yao, za moto. Tulikuwa wanafunzi wa kilimo karibu arobaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani alichimba mashimo ya miembe ile, mimi nikiwemo. Zanzibar ya mwaka 1880, na sisi tunauliza idadi ya masuria!

Kwa hiyo simrushii mawe kijana wa Karema. Alisema alichofundishwa. Najirushia mimi na wewe unayesoma, tuliopewa elimu na bado tunatembea kwenye bustani za watu kama wageni wa mwenye nyumba.

Mtu ataniambia: lakini hakuna kumbukumbu, dada, watu wale hawakuandika. Si kweli kwamba hakuna kumbukumbu. Mapadri Weupe walikuwa na kanuni: kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku. Walikuwa na daftari za ubatizo na za ndoa. Ukinunua mtoto kwa fedha ya wachangiaji, unaandika. Shirika lina hifadhi ya nyaraka Roma, na watafiti wa vyuo vikuu vya nje wamezisoma na kuandikia vitabu. Kwa maneno mengine, profesa wa ng'ambo anaweza kukaa kwenye kiti Roma akasoma habari za kiangazi cha Karema cha mwaka 1890, na shangazi yangu, anayeishi Karema, hawezi.

Wala usiniambie kwamba watu wale wasingeweza kusimulia. Aliwahi kuulizwa mmoja, na alisimulia. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ambayo leo ni Mali, karibu na Mto Niger. Alitekwa utotoni, akavushwa jangwani, akakombolewa na mapadri kule Aljeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na hakuondoka. Alitibu watu wa ukanda huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na mwaka 1946 simulizi hilo likachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Watu wa Karema wanamkumbuka kwa heshima, na anastahili kila chembe ya heshima hiyo. Lakini Atiman alikuwa daktari aliyesoma Ulaya. Alikuwa na sababu ya kuulizwa. Bibi yetu alikuwa hai mwaka huo wa 1946, umbali wa kusikia kengele ileile, na hakuna aliyeenda kumuuliza chochote.

Mpaka hapa nilikuwa na uhakika wa hoja yangu. Niliandika rasimu usiku uleule, nikalala nyumbani kwa shangazi kwenye kitanda cha kamba, na asubuhi nikamsomea. Nilidhani atafurahi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Hilo jina la ubatizo umeliandika?"

Nikasema ndiyo.

"Lifute."

Nikamwambia, shangazi, hii ni heshima yake. Akaniambia nikae chini. Akanieleza jambo ambalo halimo kwenye hesabu yangu ya mitungi. Alipokuwa msichana wa kuchumbiwa, posa ya kwanza ilirudishwa. Upande wa kule walikuwa wameulizia, wakaambiwa, hao ni watoto wa mapadri, hawana kwao. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuwa imepitishwa mwaka 1922, kabla hata mama yake hajaolewa, na bado miaka hamsini baadaye neno hilo lilitosha kurudisha posa. Kwa hiyo familia ilifanya ilichoweza kufanya. Ilinyamaza. Wengine wakawa Wafipa, wengine Wabende. Wakaoa, wakaolewa, wakazika na kuzikwa, mpaka watu wakasahau kuulizia.

"Wewe unasema tumesahauliwa," akasema shangazi. "Mwanangu, sisi tulifanya kazi kubwa kusahauliwa."

Sina jibu la kumshinda shangazi, na ninaposoma makala za wenzetu wanaodai majina yote yabandikwe ukutani kesho asubuhi, naona hawajawahi kukaa mbele ya mtu kama yeye. Jina la mtu aliyekombolewa si mali ya mwandishi. Si mali ya parokia, wala ya wizara, wala ya profesa. Ni la kizazi chake, na kizazi hicho bado kinaoa na kuolewa hapa.

Lakini pia sikubali kwamba ukimya wa familia moja uwe kisingizio cha sentensi ya uongo kwa wageni. Shangazi hakuomba tuseme mapadri ndio waliochota maji. Yeye ndiye aliyeuliza swali mbele ya watu saba na simu zao. Kuficha jina lako ni haki yako. Kufuta kazi yako ni jambo jingine, na hilo analifanya mwingine.

Basi ninachodai ni hiki, na nakidai kwa wenye mamlaka ya kanisa, kwa halmashauri, kwa vyuo, na kwa sisi vijana wa Katavi ambao tuna kompyuta na muda.

Kwanza, sentensi ibadilishwe. Haihitaji bajeti. Badala ya "waliipanda mapadri", sema: "Bustani hii ilimwagiliwa na watoto walionunuliwa kutoka kwenye misafara ya watumwa." Ni kweli, na haimtaji mtu.

Pili, shajara na daftari za Karema zipigwe picha zote, na nakala ziletwe Karema na Mpanda. Ziwekwe mahali ambapo mjukuu anaweza kwenda na kuomba kusoma ukurasa wa bibi yake, yeye kwanza, kabla ya mtafiti na kabla ya mtu wa utalii. Akitaka ukurasa ufungwe, ufungwe. Akitaka usomwe kanisani, usomwe.

Tatu, kabla hatujaweka hoteli au jukwaa la picha za harusi pale, tuwaulize wanaoishi kuzunguka ukuta. Bandari mpya imejengwa Karema, ni suala la muda tu wageni waongezeke. Wazee wa nchi hii walijua kwamba mti huwa na mwenyewe. Kule karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju wa mzimu Katabi, ambao mpaka leo watu huuwekea sadaka, na hakuna anayeukaribia hovyo. Miembe ya Karema nayo ina wenyewe. Hawajakufa wote, wamekaa kwenye vibaraza vyao wanatutazama tukipita na simu.

Jina nililifuta mbele ya shangazi, kama mnavyoona. Akachukua simu, akaipeleka mbali na macho yake, akapitisha kidole mpaka alipohakikisha halipo. Kisha akanipa viazi vitamu vya kula njiani, akanisindikiza mpaka Noah ilipokuwa imepaki. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupanda. Nilipoinama kumuaga alinishika mkono.

"Hizo daftari za Roma," akasema kwa sauti ya chini. "Wanaandika na mtoto alitokea wapi?"

Nikamwambia pengine, kwa baadhi yao.

Akaangalia upande wa ziwa. "Zikija, usimsomee mtu. Uje unisomee mimi kwanza."